Baby Face au Red-Headed Woman: niagize ipi kwa usiku wa sinema?

BintiNgamiani:
Habari zenu wadau wa filamu za kale. Naomba msaada wa haraka kidogo, ndugu yangu anarudi kutoka Marekani wiki ijayo na kaniambia nimtajie DVD moja tu animalizie manunuzi. Nimechuja nimebaki na mbili, Baby Face ya 1933 na Red-Headed Woman ya 1932. Zote nyeusi na nyeupe, zote mwanamke maskini anatumia urembo wake kupanda juu kwa wanaume. Nataka tuitazame kikundi kizima halafu tuizungumze. Kwa waliozitazama, ipi bora? Nijibuni kabla ya Ijumaa tafadhali.

fundi_projekta:
Dada swali lako nusu nzima umeliacha nyumbani. Kikundi gani, cha watu wangapi, umri gani? Mtaonyeshea nini, deki, laptopu au televisheni? Kiingereza wanakisikia au kuna mtu atatafsiri? Na hiyo Baby Face unataka toleo lipi, maana ziko mbili na hazifanani hata kidogo. Bila hayo kila mtu hapa atakutajia anayoipenda yeye.

MzeeWaBandarini:
Baby Face, binti yangu. Hata usifikirie mara mbili.

Barbara Stanwyck ndiye Lily Powers, binti wa mwenye kilabu cha pombe ya magendo pale Erie, Pennsylvania, enzi pombe imepigwa marufuku Marekani. Mtambo wa gongo unalipuka, baba anakufa, binti anadandia behewa la mizigo hadi New York na rafiki yake Chico. Wanasimama nje ya jengo refu la benki, Gotham Trust, analitazama kuanzia chini hadi juu, halafu anaingia. Kwenye ofisi ya ajira yule karani mnene anamuuliza kama ana uzoefu, anajibu anao tele. Wanaingia ofisi ya ndani, mlango unafungwa. Kisha kamera inatoka nje na kupanda ukuta wa jengo, dirisha kwa dirisha, na kila akimpata mwanaume mwingine kamera inapanda tena ghorofa nyingine, masjala, mikopo ya nyumba, uhasibu, mpaka kwa wakubwa huko juu. Hakuna anayekueleza kitu, jengo lenyewe linasimulia. Nimeitazama mara nyingi na kila kamera ikianza kupanda nasogea mbele kwenye kiti.

MvitaMmoja:
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Dada chukua Red-Headed Woman. Jean Harlow ni Lil, katibu muhtasi kwa kina Legendre huko Ohio, ana picha ya bosi wake kaitia kwenye mkanda wa soksi pajani, na bosi ana mke mzuri mwenye heshima zake. Hana baba wa kumlaumu, hana njaa ya kumsukuma, anataka tu kuwa upande ule wa mji wenye nyumba kubwa na anasema wazi. Akishaolewa matajiri hawamtaki mezani mwao, ndipo anapanda zaidi, kwa Gaerste mzee wa makaa ya mawe, na huku ana dereva wake Mfaransa pembeni, ambaye ni Charles Boyer akiwa bado kijana.

Na jambo kubwa ni mwisho wake. Haadhibiwi! Anampiga mumewe risasi, mume anapona na anakataa kushtaki, miaka miwili baadaye yuko Paris na mzee mwingine tajiri kwenye mbio za farasi, na dereva ni yuleyule. Uingereza waliipiga marufuku. Ukitaka mjadala wa kikundi hiyo ndiyo itawafanya watu waongee hadi usiku.

MzeeWaBandarini:
Marahaba mwanangu. Ni nzuri, sikatai, Anita Loos aliyeiandika alikuwa na kalamu kali, hata mwandishi F. Scott Fitzgerald alijaribu kwanza na studio ya MGM hawakuitaka kazi yake, walitaka kitu chepesi zaidi. Ila ni ya kuchekesha. Ile Baby Face haikuchekeshi, inakukaba.

BintiNgamiani:
Asanteni sana, shikamoo mzee. Sawa fundi, nakujibu. Sisi ni kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, tuko ishirini na wawili, kila baada ya miezi mitatu tunakuwa na jioni ya kukaa pamoja nje ya mambo ya pesa. Mara hii mwenyekiti amesema tutazame filamu ya kizamani inayohusu mwanamke na kazi. Wengine watakuja na mabinti zao waliomaliza kidato cha sita. Kiingereza nusu yetu tunasikia, mimi nitatafsiri kwa mdomo. Vifaa ni laptopu ya mdogo wangu na projekta ya kuazima.

Hayo matoleo mawili sikuyajua.

fundi_projekta:
Sasa tunaweza kuongea. Nianze na yaliyonikuta mimi maana sitaki yakukute.

Kuna mwaka niliombwa kuonyesha Baby Face kwa kikundi cha walimu, watu kama arobaini, ukumbi tumelipia, viti tumepanga. Diski niliagiza kwa muuzaji mmoja wa kwenye intaneti, ameandika "toleo kamili", bei yake ya juu, nikalipa. Imefika siku mbili kabla ya onyesho, kuiweka kwenye deki inakataa, kioo kinaandika rijeni siyo, yaani eneo la dunia ambalo diski imefungiwa. DVD za Marekani ni rijeni 1 na deki nyingi zinazouzwa huku kwetu ni rijeni 5, halafu mfumo wao wa picha za televisheni ni NTSC na wetu ni PAL, kwa hiyo hata deki nyingine zikikubali picha inaweza kutoka bila rangi au inakimbia. Kwa nyeusi na nyeupe rangi siyo tatizo lakini kukimbia ni tatizo. Nikahamia laptopu. Laptopu inakuuliza ubadilishe rijeni na inakuambia una mara tano tu maisha yote ya kifaa, ya mwisho ikifika inajifunga hapohapo ilipo. Ile niliyoazima mwenyewe alishazitumia nne bila kujua. Nikabadilisha ya tano kwa idhini yake, na mpaka leo laptopu yake haisomi diski za huku, na ananikumbusha kila tukikutana.

Hayo ni ya mashine, mabaya yenyewe bado. Mimi kabla ya filamu niliwaeleza walimu kwamba kuna mzee fundi viatu, Cragg, anayempa Lily kitabu cha Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani, na kumwambia wewe ni mwanamke kijana, mzuri, una nguvu juu ya wanaume, watumie wao wasikutumie wewe, uwe bwana usiwe mtumwa. Nikawaambia hayo maneno ndiyo injini ya filamu nzima, muyasikilize. Filamu ikafika pale. Mzee anafungua mdomo, anamwambia binti kuna njia ya haki na njia isiyo ya haki, achague ya haki! Ukumbi mzima umenigeukia. Kumbe nimeuziwa toleo lililokatwa, lile la bodi ya ukaguzi. Maneno ya Nietzsche wameyatoa na sauti mpya wameipachika juu. Na mwisho pia ukawa mwingine, wakurugenzi wa benki wamekaa kikao wanaambiana kwamba Lily na mumewe wako Pittsburgh, hawana senti, mume anafanya kazi kwenye kiwanda cha chuma na wana furaha. Mama mmoja mwalimu wa siku nyingi akasimama akaniuliza, sasa huyu binti amefuata ushauri wa nani muda wote huu, maana mzee kamwambia awe mwema na yeye anafanya kinyume tangu anatoka kwenye treni? Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kueleza kwamba filamu imeharibiwa. Muuzaji nilimwandikia mara tatu, hakujibu hata moja.

Kwa hiyo toleo kwanza, filamu baadaye.

Kaka_Masjala:
Pole sana fundi. Ila hayo ya matoleo naomba yaelezwe kwa utulivu, wengi hawajui. Ilikuwaje hata yawe mawili?

MzeeWaBandarini:
Warner Bros. waliitengeneza mwanzoni mwa 1933, kisa kilitoka kwa Darryl Zanuck mwenyewe akitumia jina la bandia Mark Canfield, aliwauzia studio kwa dola 1 tu. Alfred E. Green ndiye mwongozaji. Bodi ya ukaguzi ya jimbo la New York ikaikataa, na New York ukikataliwa umekosa soko kubwa kuliko yote. Wakaikata, wakabadilisha maneno ya fundi viatu, wakabandika ule mwisho wa Pittsburgh, ikatoka Julai 1933. Kuanzia hapo dunia nzima ikawa inaona iliyokatwa. Mwaka 2004 pale Dayton, Ohio, kwenye hifadhi ya Maktaba ya Bunge la Marekani, mtunzaji mmoja aliombwa negativu ya Baby Face, ule mkanda wa kuchapia nakala, akakuta ziko mbili, na moja ni ndefu kuliko nyingine kwa kama dakika tano hivi. Ndiyo ile ya kabla ya mkasi. Ikaonyeshwa London mwaka huohuo wa 2004, na 2005 ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa.

Miaka 71 imekaa kwenye kopo hakuna anayeijua.

MvitaMmoja:
Hapo nakupa haki yako mzee. Lakini jamani, hakuna aliyemwambia dada jambo la maana kuliko yote? Hizo filamu mbili ziko kwenye kasha MOJA. Forbidden Hollywood, ya kwanza, ilitoka 2006. Ndani kuna Baby Face matoleo yote mawili, Red-Headed Woman na Waterloo Bridge ya 1931. Ndugu yako atafute kasha hilo, awe makini isiwe sehemu ya pili au ya tatu maana zipo kadhaa na majalada yanafanana.

BintiNgamiani:
Yaani nimekesha siku mbili nachagua kumbe zinauzwa pamoja! Asante sana mpenzi. Nimeshamtumia ujumbe.

Basi swali limegeuka, jioni moja tunaonyesha ipi? Muda wetu ni saa mbili tu, ukumbi tunaurudisha saa tatu usiku.

fundi_projekta:
Kwanza niambie laptopu ina sehemu ya diski? Nyingi za sasa hazina. Hujajibu.

Rehema wa Reli:
Nimesoma yote naomba niseme la moyoni. Dada, kama kuna mabinti wa kidato cha sita, waonyeshe Baby Face ile kamili, na usikwepe mwanzo wake. Watu wanaisimulia filamu hii kama habari ya mwanamke mjanja anayewaparamia wanaume, hata hapa mmeanza hivyo. Angalieni dakika kumi za mwanzo. Baba yake mwenyewe anamwachia mwanasiasa wa pale mjini aingie kwa binti ili kilabu kisifungwe. Lily anammwagia kahawa ya moto mkononi, akiendelea anampiga chupa ya bia kichwani. Halafu anamgeukia baba anamwambia tangu nina miaka kumi na minne umenifanya hivi, wanaume, wanaume wachafu. Miaka kumi na minne! Huyo hajaanza kuuza kitu New York, ameuzwa nyumbani na baba mzazi, alichofanya New York ni kuichukua bei mkononi mwake.

Mimi nimefanya kazi ofisini miaka kumi na saba na nimeona mabinti wakiingia masjala na kile kinachowasubiri. Kila wakati watu wanamwuliza binti alipandaje, hakuna anayemwuliza yule wa ofisi ya ajira aliyefunga mlango.

Kaka_Masjala:
Dada Rehema hoja yako naiheshimu lakini Stevens je? Yule wa uhasibu alikuwa na mchumba wake, Lily kamvuruga mpaka amemuua baba mkwe mtarajiwa kisha kajiua mwenyewe. Wanaume wawili wamekufa sebuleni kwake na anapiga simu kwa sauti tulivu kabisa. Hapo bado ni mhanga?

Rehema wa Reli:
Sikusema ni malaika. Nimesema anza kuhesabu tangu Erie usianze kuhesabu tangu ghorofa ya uhasibu.

MvitaMmoja:
Na ndiyo sababu napenda Lil wa Harlow. Yeye hakupewa sababu. Filamu zikimpa mwanamke baba mbaya ni kama zinamwombea msamaha kabla hajakosa.

Rehema wa Reli:
Au ni kama zinasema ukweli, dada yangu. Huyo Stanwyck mwenyewe jina lake la kuzaliwa ni Ruby Stevens, wa Brooklyn, mama alifariki yeye ana miaka minne, baba akaenda Panama kwenye kuchimba mfereji na hakurudi. Alilelewa nyumba hii na ile. Akiwa msichana mdogo tayari anacheza kwenye vilabu. Unapomwona anamtazama yule baba wa kwenye filamu, yale macho hayajafundishwa na mwongozaji.

Sauti ya Tandale:
Mimi nauliza kuhusu Chico, mbona mmempita? Theresa Harris. Nilishtuka nilipoiona mara ya kwanza. Mwaka 1933, mwanamke mweusi Hollywood anapewa jambo moja tu, aproni na kucheka. Hapa wanadandia treni pamoja, wanalala njaa pamoja, Lily akipata manyoya ya kuvaa na Chico anayo. Ni kweli anakuwa mtumishi wa nyumba wakija wageni, hilo lipo. Lakini baba akitaka kumfukuza Chico, Lily anasema akiondoka naye anaondoka, na baadaye yule mkubwa wa benki akisema amwondoe, jibu ni hapana, Chico anabaki. Wanaume wote filamu nzima wanaachwa, huyo mmoja haachwi. Na anaimba St. Louis Blues tangu mwanzo, wimbo huo unarudi kila ghorofa. Kwangu hayo ndiyo mapenzi pekee ninayoyaona mle ndani.

MzeeWaBandarini:
Umesema vizuri sana. Theresa Harris alicheza filamu nyingi mno, nyingine hata jina lake hawakuandika.

Kaka_Masjala:
Huyo kijana wa masjala anayeachwa mapema, anayevaa suti imembana, ni John Wayne? Au macho yangu?

MzeeWaBandarini:
Ndiye. Jimmy McCoy. Bado hajawa mtu wa farasi anayejulikana. Anamsemea Lily kwa bosi wake, bosi anamchukua Lily yeye mwenyewe, kwisha.

Kaka_Masjala:
Baba yangu aliziona zake zote kwenye kumbi za Dar, angekuwepo angeshangaa kumwona ameachwa na karani mwenzake.

fundi_projekta:
Wadau tumetoka njiani. Dada ana saa mbili. Baby Face kamili ni dakika 76, Red-Headed ni 79. Ukitafsiri kwa mdomo utakuwa unasimamisha picha, kwa hiyo ongeza nusu saa. Mjadala unabakiwa na dakika kumi na kitu.

Ushauri wangu ni tofauti na wa wote. Usionyeshe filamu nzima mbili, onyesha Baby Face kamili, halafu mwishoni weka kile kipande cha fundi viatu kutoka kwenye toleo lililokatwa. Vyote viko kwenye kasha. Dakika moja tu. Mzee yuleyule, chumba kilekile, maneno mengine. Waulize kina mama mzee yupi ni wa kweli. Hiyo dakika itafanya kazi kuliko hotuba yoyote.

MvitaMmoja:
Na ule mwisho wa Pittsburgh?

fundi_projekta:
Na huo ikiwezekana. Kwenye kamili inaishia garini, ambulensi, mume amejipiga risasi, kisanduku cha vito kinaanguka kinamwagika chini na yeye hajali tena. Hapohapo inaisha. Kwenye iliyokatwa wanakuongezea wale wazee wa kikao waje wakuhakikishie kwamba amekuwa mtu mwema na maskini.

Rehema wa Reli:
Mimi hata ule wa ambulensi sijawahi kuukubali sana. Binti amepigana saa nzima kupata kitu cha kwake, nusu milioni na vito, mume benki yake imeanguka anaviomba, anakataa, anapanda meli, halafu anashuka meli anarudi kumpa. Najua amempenda. Lakini naona mkono wa mtu mwingine pale, hata kabla ya bodi.

MzeeWaBandarini:
Binti yangu, mimi naona tofauti. Trenholm, yule mkuu mpya wa benki aliyekuja kuwa mumewe, si kama wale wengine. Pale Paris alipewa kazi ya kweli na aliifanya vizuri, idara ilikuwa inaingiza wateja. Alishapanda kwa miguu yake mwenyewe kabla ya ndoa. Kwa hiyo kurudi kwake si kushindwa.

Rehema wa Reli:
Basi wangemwacha na kazi yake Paris, mzee wangu. Filamu ya hivyo ningeinunua mara mbili.

MvitaMmoja:
Ehe! Na hiyo ndiyo Red-Headed Woman inaikaribia. Anabaki Paris.

Sauti ya Tandale:
Anabaki Paris na mzee mwingine, siyo na kazi.

Kaka_Masjala:
Hivi baada ya hapo ziliendelea kutengenezwa za namna hii? Mbona za miaka ya arobaini nyingi mwanamke kama huyu lazima afe?

MzeeWaBandarini:
Kanuni za maadili waliziandika 1930 lakini studio zilikuwa zinazikwepa. Katikati ya 1934 ndiyo Joseph Breen akapewa ofisi yenye meno, hakuna filamu kutoka bila muhuri wake, na makanisa ya Kikatoliki yalikuwa yanawahimiza waumini kususia. Kuanzia hapo dhambi lazima ilipiwe kabla taa hazijawaka. Hizi mbili zilipita mlangoni mlango ukiwa unafungwa.

BintiNgamiani:
Jamani nimesoma kila neno, asanteni sana. Nimempigia mwenyekiti nimemsomea aliyoandika dada Rehema kuhusu ofisi ya ajira, amekaa kimya kidogo akasema leta hiyo ya ghorofa. Lakini mhazini wetu anataka ya Harlow, anasema kina mama wamechoka wiki nzima wanataka kucheka, na kura yake ni nzito kwa sababu ukumbi ni wa kaka yake. Tutapiga kura Jumamosi.

Fundi, nimemwuliza mdogo wangu, laptopu haina sehemu ya diski.

fundi_projekta:
Nilijua. Ndugu yako anunue na kisomeo cha nje cha yuesibii hukohuko Marekani, ni kidogo kinaingia kwenye begi, na kikitoka huko huenda tayari kimewekwa rijeni 1. Kikikuuliza kubadilisha rijeni USIBONYEZE chochote, nipigie picha kioo kwanza. Projekta ina tundu la HDMI au ni ile ya zamani yenye tundu la bluu, VGA?

BintiNgamiani:
Nitaangalia kesho nikienda kuichukua. Nadhani ni ya bluu.

Sauti ya Tandale:
Dada wakati wa kutafsiri, Chico akianza kuimba usitafsiri. Nyamaza tu wasikie.